Nimeuza Miti, Udongo Sijauza

Mliponiacha wiki iliyopita nilikuwa kwenye kabini ya lori, nimebanwa katikati ya dereva na fundi Elius, nyuma tumebeba matofali, tunatoka Makambako kwenda Kifanya kumjengea mama yangu nyumba. Wengine mlinicheka. Ujumbe wenu nimeupata wote. Dada mmoja wa kijiji cha Yakobi ameandika, "Filemoni, miaka yote hiyo ndiyo leo unamkumbuka mama? Mungu anakuona." Sawa, dada. Soma hadi mwisho, halafu uniambie kama kuna adhabu uliyosahau kuniombea.

Kwa aliyeufungua ukurasa huu leo, nitasema kwa kifupi. Mimi ni mtoto wa Kifanya, na Makambako nina vyumba kumi na viwili: viwili vya kulala, vilivyobaki vya kupangisha. Mwanzo wa vyumba hivyo ni miti ya mama.

Baba alipofariki, mama alipanda misindano shamba zima, toka bondeni hadi juu kwenye mkaratusi wa mpaka. "Hii ndiyo nyumba yangu," aliwaambia wenzake wa jumuiya. "Ikikomaa nauza mbao, najenga." Alitaka nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili na sebule, na jiko lenye bomba la kutolea moshi, maana macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Hakutaka kingine duniani.

Mimi nikamshawishi akaiuza michanga. Haikufaa hata mbao. Iliondoka ikiwa mirunda, ile ya kushikilia zege kwenye maghorofa ya watu. Siku wakataji wanamaliza, mama alisimama kwenye visiki akalia kidogo, akajifuta kwa kanga, akasema neno ambalo nalisikia mpaka leo.

"Nimeuza miti, udongo sijauza."

Kwetu ndivyo tulivyo. Miti na udongo ni mali mbili. Utamuuzia mtu miti iliyosimama, atakata, atapakia, ataondoka, na udongo utabaki wako na visiki vyake. Aliyeuza miti anatembea kichwa juu. Aliyeuza udongo anasemwa mpaka msibani.

"Udongo hauendi popote, mama," nilimwambia. "Na nyumba yako utaipata kabla ya siku ambayo miti hii ingekomaa. Nakuahidi, baba anasikia."

Kaburi la baba lilikuwa palepale, kwenye kona ya shamba. Niliinua mkono kabisa, kama shahidi mahakamani.

Makambako nilinunua kiwanja kando ya barabara kuu, nikainua vyumba viwili. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Joackim, mstaafu wa reli, mwenye nyumba za kupanga karibu na stesheni.

"Bwana mdogo, una kitu kingine kinachokulisha?"

"Nina fremu ya spea za pikipiki, mzee."

"Basi kula spea. Kodi usiile. Vyumba viwili vikae mpaka vizae cha tatu. Cha tatu kikianza kulipa, nacho usikile. Vitatu vizae cha nne."

"Si itachukua miaka?"

"Mwanzo utaona kama umelogwa. Cha tatu utakingoja mpaka uote mvi. Cha nne kitawahi kidogo. Huko mbele vitakuja vinafuatana, kwa sababu kilichozaliwa nacho kinazaa. Watu wanashindwa kwa sababu wanakula kodi ya kwanza wakanunua kochi."

Na ilikuwa kweli. Sitawadanganya eti kwa sababu leo nina majonzi. Cha tatu kilinichosha kabisa, nikataka kuacha. Cha nne kikawahi. Nilipofika cha sita, nilikuwa nachimba msingi wa chumba kipya plasta ya mwenzake haijakauka. Nilimsimulia mama, naye akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za jirani anayemjua.

"Ndivyo msindano unavyofanya," alisema. "Miaka ya mwanzo utasema umelala. Kumbe unanenepa, na mwaka unaofuata unanenepa juu ya ule unene. Ndiyo maana tulikuwa tunaungojea."

Nilicheka, nikamwambia mama angekuwa mwalimu wa hesabu. Wala sikusikia alichokuwa ananiambia.

Kila mwaka, baada ya sikukuu ya mavuno kanisani, mama aliniuliza swali moja.

"Mwaka huu, baba?"

Nami nilikuwa na jibu moja. "Acha vizae mara moja tena, mama. Nikitoa hela sasa nitakuwa nimekata mti mchanga."

Nilikuwa na ujasiri wa kumwambia hivyo mwanamke niliyemkatisha miti michanga. Naye alisema, "Haya," akabadilisha mazungumzo akaulizia watoto.

Halafu ikaja alama nyekundu. Wasomaji wa zamani mnaikumbuka. Kiwanja changu nilikipata kwa bei ya kutupa kwa sababu nusu yake ilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na mimi kwa uroho wa mwanzo sikwenda kuuliza bikoni, zile nguzo za mipaka, zimekaa wapi. Vyumba vyote vya mbele vilipigwa X, vikavunjwa. Fidia hakuna. Wapangaji walitaka kodi waliyotanguliza. Nilimpigia mama simu nikilia, nikasema nauza vilivyobaki, narudi kijijini.

Aliyeniokoa ni dada yangu Idda, aliyeolewa Matamba. Alinitumia hela ya kuwarudishia watu na kuinua vyumba upya, safari hii upande wa nyuma ambako hakuna barabara ya mtu.

"Viazi vimekubali mwaka huu," aliniambia. "Usiuze kitu, Filemoni. Endelea."

Nikaendelea. Vyumba vikazaana mpaka vikawa kumi na viwili, na mama nikazidi kumwambia mwakani.

Mpaka siku chache kabla ya safari hii, mke wangu Tabea aliponikuta nimekaa juu ya matofali ya chumba cha kumi na tatu, napiga hesabu.

"Baba Juliana, mama alikuja Njombe kuonana na wewe?"

"Hakuja. Kifua kinamsumbua."

"Mama hajawahi kukosa kuja."

"Si atakuja wiki ijayo."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo. Matofali haya yasipokwenda Kifanya, nakwenda mimi. Ukija kunifuata ndiyo utakuwa umefika kwenu."

Alisema hivyo kwa sababu nilikuwa sijakanyaga kwetu kwa muda mrefu. Mama mwenyewe alitaka tuwe tunakutana Njombe, sokoni. "Usipoteze nauli mpaka huku, baba," alikuwa anasema. "Mimi nashuka na mboga zangu, tunaonana. Hiyo nauli nunua bati." Nami nilinunua bati. Nilimsifu kwa watu kwamba mama yangu anaelewa biashara.

Haya, turudi kwenye lori.

Njombe tulisimama nikanunua blanketi zito la mama, sukari na mafuta. Nikampigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Tabea mzima? Watoto?"

"Wote wazima. Mama, leo usihangaike kushuka Njombe. Nakuja mimi."

"Unakuja wapi?"

"Nyumbani! Nina lori la matofali na fundi. Ni nyumba yako, mama. Leo tunapima msingi."

Nikasikia kikohozi, kirefu.

"Filemoni, huku kuna utelezi. Lori halitafika."

"Litafika. Dereva amezoea."

"Basi njoo kesho. Niache nijiandae."

"Ujiandae nini, mama? Hatuleti posa."

Elius alicheka kwa sauti. Mama hakucheka. Alisema, "Haya, baba. Mungu awaongoze," akakata.

Mimi nilidhani ni furaha. Nikamwambia Elius, "Analia huyo." Elius akasema mama ni mama.

Kifanya tuliacha lami, tukaingia njia ya shambani. Utelezi haukuwapo. Nilikuwa nangojea kuona visiki na majani kama nilivyoviacha. Nikakuta uzio wa seng'enge na geti, na ndani ya uzio miti ya parachichi, mistari kwa mistari, toka bondeni hadi juu kwenye mkaratusi. Mingine ilishaanza kushika matunda.

"Umepotea njia," nilimwambia dereva.

"Bosi, njia unanielekeza wewe."

Nikashuka. Kaburi la baba lilikuwa palepale kwenye kona, na msalaba wake wa saruji, kwa hiyo njia haikupotea. Ndani ya uzio bibi mmoja alikuwa ameinama anapalilia mashina ya parachichi, amevaa buti za mpira zinazompwaya na koti la kazi la mwanamume. Nikaona bora nimsalimie kwa kilugha, nimuulize yeye.

"Kamwene, bibi!"

Bibi akainuka polepole, mkono kiunoni. Alikuwa mama yangu.

"Kamwene, baba," aliitikia. "Mmewahi."

Naomba mnielewe. Nilimwita mama yangu bibi, kama mpita njia, kwa sababu sikumtambua. Alikuwa amepungua; kule Njombe tulionana haraka haraka, sikuwahi kumtazama vizuri. Jicho moja lilikuwa na ukungu na yote mawili yalikuwa mekundu kwa moshi, na nyuma yake nyumba yetu ya udongo ilikuwa imeegemezwa kwa nguzo ili isianguke.

"Mama, unampalilia nani?"

"Bwana Edson. Mtu mzuri. Mwisho wa mwezi hachelewi kulipa."

"Kwenye shamba letu?"

"Punguza sauti. Fundi anasikia."

"Umemkodishia?"

Aliokota kijiti akaanza kukwangua udongo kwenye jembe lake.

"Mama. Umemkodishia?"

"Nimemuuzia."

"Umemuuzia nini? Miti si ilikwisha siku nyingi!"

"Udongo," alisema. "Nimeuza udongo."

Nilikaa chini kwenye majani yenye umande, mwanamume mzima, suruali ya kuendea mjini, mbele ya dereva na fundi. Mama alitoka getini akaja kusimama karibu yangu, lakini hakunishika.

"Kwa shida gani?" nilimuuliza. "Uliumwa? Ukashindwa kuniambia mimi, mwanao?"

"Wewe ndiye ulikuwa unaumwa."

"Mimi?"

"Walipokuvunjia vyumba. Ulinipigia simu unalia, Filemoni. Hata siku ya kumzika baba yako hukulia vile. Ukasema unauza vyote. Nikasema hapana. Tulishakata michanga mara moja, hatukati tena."

"Lakini aliyenisaidia ni Idda! Idda aliuza viazi!"

Mama alinitazama kwa huruma.

"Viazi gani, baba? Mwaka ule Matamba baridi iliunguza viazi vyote. Idda alikuja kwangu kuomba mahindi; hela ile nilimpa mimi akutumie. Ungemuuliza mtu yeyote angekwambia."

Sikumuuliza mtu yeyote. Nilipokea, nikashukuru kwa maneno mawili, nikaenda kununua saruji.

"Na kunizuia nisije?"

"Ungekuja ungeona. Ukiona ungeacha kujenga. Na vyumba vilikuwa vimeshaanza kunenepa."

Msomaji wangu, mimi nimekaa na watu kwenye vijiwe vya Makambako nikijisifu kwamba nilianza na vyumba viwili na nidhamu. Niliwafundisha vijana kama Mzee Joackim alivyonifundisha. Kumbe vyumba vyangu vilikula miti ya mama, vikaishiwa, vikala na udongo wake. Wazee walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, na aliyekula ni mama peke yake. Nilidhani kinachozaa ni kodi tu. Hata ile "mwakani" yangu ilikuwa inazaa: kila niliposema mara moja tena, mama aliamka mwaka mwingine akavaa buti za mtu akaenda kupalilia mali ya mtu mahali alipozika mumewe.

Nililia. Sina cha kuficha.

Tukiwa hapo ikaja pikipiki. Aliyeshuka alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, amevaa sweta la kufumwa. Alimwamkia mama kwanza, halafu akanipa mkono.

"Wewe ndiye Filemoni? Mama anakusifu sana. Palizi yote anaongelea vyumba vya Makambako tu."

Huyo ndiye Bwana Edson. Nilitamani awe mtu mbaya ili nimchukie, lakini hakunipa nafasi.

"Bwana Edson, naomba uniuzie tena shamba la mama. Sema bei yako, nitaitafuta."

"Kaka, nitakwambia ukweli. Ungekuja wakati miche imefika magotini, tungeongea. Sasa hivi parachichi ndiyo zinaanza kushika. Mwakani zitazidi hizi, na mwaka unaofuata zitazidi za mwakani. Shamba likifika hapo mtu hauzi. Wewe mwenye vyumba unalijua hilo."

Nililijua. Nadhani pale hakuna aliyelijua kuliko mimi, isipokuwa mama.

"Basi kipande tu. Cha kujengea mama nyumba."

"Jenga. Tulikubaliana mama atakaa hapa mpaka Mungu atakapomwita, na sijamsumbua. Muulize mwenyewe. Ila ukijenga kwenye ardhi yangu, siku mama hayupo, nyumba hiyo ni yangu. Nakwambia mapema usije ukasema nilikudanganya."

"Kweli hakuna njia?"

Alifikiri, akaangalia lori na matofali, akaangalia mama.

"Iko moja. Mimi umri unakwenda, na mke wangu anataka tuhamie Makambako karibu na watoto. Nipe vyumba vyako, nikupe nusu ya shamba, upande huu wenye nyumba ya mama na kaburi, na parachichi zake. Tubadilishane."

"Vyumba vingapi?"

"Vyote. Ukiona nakupunja, sikulazimishi. Jioni ya leo kuna mtu mwingine wa Makambako nakutana naye kwa jambo hilohilo, anataka upande huuhuu."

Vyote kumi na viwili kwa nusu ya mlima. Na viwili kati ya hivyo ndimo ninamolala na Tabea na watoto. Nilisogea pembeni nikampigia mke wangu, nikamweleza kila kitu bila kupumua. Nilitegemea atapiga kelele.

"Mpe," alisema Tabea.

"Umesikia nilichosema? Vyote. Tutakaa wapi?"

"Tutapanga. Tulipooana tulikuwa tunapanga, tulikufa? Baba Juliana, mpe huyo mtu vyumba, mrudishie mama udongo wake. Mimi siwezi tena kulala humo."

Nilirudi kwa Bwana Edson nimeshafungua mdomo. Naapa nilikuwa nasema ndiyo.

"Hapana," alisema mama.

"Mama, niache. Safari hii niache."

"Nimesema hapana. Wewe ulinikatisha miti mara ya kwanza, nikakubali. Mara ya pili nilijikata mwenyewe. Sasa unataka kukata na vyumba. Juliana ataanzia wapi? Kwenye visiki?"

"Na nyumba yako, mama? Nilikuahidi. Baba alisikia!"

"Njoo," akasema.

Alinishika mkono, mara ya kwanza tangu nifike. Kiganja chake kilikuwa kigumu kuliko changu. Tukafuata uzio mpaka kwenye kona, mahali seng'enge inapopinda kulikwepa kaburi la baba. Kati ya msalaba na nguzo ya uzio palikuwa na mahali pamepaliliwa vizuri, hapakupandwa kitu, na kwenye pembe zake mtu amepanga mawe manne.

"Hapa sikumuuzia Bwana Edson," alisema mama. "Nilimwambia, udongo huu ni wangu. Imeandikwa, na mwenyekiti wa kijiji amegonga muhuri."

Moyo wangu uliruka.

"Kumbe kuna udongo umebaki! Mama, si ungesema! Fundi akibana ramani tunaweza..."

Sikumaliza. Nilikuwa nimeanza kupima kwa macho kama mjenzi, nikitafuta sebule itakaa wapi na jiko litakaa wapi, na macho yalifika kwenye jiwe la mwisho kabla sijapata hata chumba. Ilikuwa nafasi ya kitanda kimoja. Imelala sambamba na baba.

"Panatosha," alisema mama. "Sikuuza udongo wote."

Nilimfunika mabegani na lile blanketi nililonunua Njombe, maana ndicho kitu pekee cha kumpa nilichokuwa nacho mkononi. Alilipapasa kwa vidole akasema ni zito, asante. Kisha akaanza kukohoa, akakohoa mpaka akashika msalaba wa baba ili asimame.

Getini Bwana Edson alikuwa bado ananingoja, simu mkononi, anatazama wingu linaloshuka toka upande wa Njombe. Dereva aliwasha lori. Elius akaja kwetu, ameshika tofali la kuchoma alilolitoa juu ya mzigo, anatembea kwa adabu kama anayeingia kanisani amechelewa.

"Bosi, dereva anasema mvua ikianza hatutoki. Tofali tunashusha wapi?"

Mama alilipokea lile tofali kutoka mkononi mwake. Aliligeuza, akaligonga kwa kucha karibu na sikio kusikia kama limeiva.

"Ni mazuri," alisema. "Machache shusheni hapa kwenye mawe. Yaliyobaki rudini nayo Makambako, yakazae."

Akamrudishia Elius tofali. Elius alisimama nalo mkononi bila kulitua, hakumtazama mama tena, alinitazama mimi.